Johnny Dodds, klarineti iliyomjibu Armstrong

Rekodi za bendi ya jazz ya Hot Five zinajulikana kwa jina la Louis Armstrong, na ni haki yake. Lakini zisikilize tena, safari hii ukimwacha Armstrong apite zake. Utasikia klarineti ikipanda, ikishuka na kujibu, bila kumwingilia. Huyo ni Johnny Dodds.

Alizaliwa mwaka 1892 kusini mwa Marekani, akaivia New Orleans katika bendi ya Kid Ory. Huko kila ala ilikuwa na kazi yake: korneti hushika wimbo, tromboni hupita chini, klarineti huzunguka juu. Wote walibuni papo hapo, kwa wakati mmoja. Mpiga klarineti asiyejua wenzake wanaelekea wapi angeleta fujo tupu.

Ala yenyewe ina tabia ya ajabu. Filimbi ukiizidishia pumzi hupanda oktava moja. Klarineti huruka oktava moja na nusu hivi. Ndiyo maana sauti zake za chini na za juu zina rangi mbili tofauti kabisa. Dodds alizimudu zote, ila kwenye bluzi alipenda kushuka chini kwenye uzito, akizivuta noti kwa mtetemo mpana. Anayeanza kumsikiliza namshauri aanze na “Perdido Street Blues” ya 1926.

Aprili 1923 alirekodi na bendi ya King Oliver katika studio ya Gennett, Richmond, Indiana. Maikrofoni zilikuwa hazijaingia studio. Sauti ilikusanywa na pembe kubwa, na vishindo vya ngoma vingeweza kuirusha sindano. Mdogo wake, Baby Dodds, ngoma zake zikawekwa kando, akabaki kugonga vibao. Klarineti ilipenya bila shida.

Wapo wanaomlaumu kwamba noti zake huyumba. Ni kweli, wala hainisumbui. Jimmie Noone, mpiga klarineti mwingine aliyepiga Chicago kama Dodds, alikuwa laini zaidi, na kina Benny Goodman walijifunza mengi kwake. Mtindo wa swing ulipotawala miaka ya 1930, Dodds alirekodi kwa nadra. Alifariki Agosti 1940 akiwa na miaka 48, wakati ambapo vijana walikuwa wameanza kuufufua muziki wa New Orleans. Santuri zake zikawa darasa lao: mpiga klarineti Cy Laurie wa London alijenga upigaji wake wote juu ya Dodds.