MEZA KUUKUU SI KUNI

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Maneno hayo yalinenwa juu ya mkeka na msala, lakini yafaa vile vile juu ya meza, viti, makabati na vitanda vya mbao vinavyotolewa majumbani mwetu kila siku na kuuzwa kwa bei ya kuni, ati kwa sababu rangi imefifia au mguu mmoja wacheza. Mahali pake huletwa meza mpya ya unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi. Dukani yang'aa kama kioo. Lakini ikipatwa na maji huvimba na kumeguka, na fundi hana la kuifanyia.

Mwandishi wa makala haya nusura atende kosa hilo. Palikuwa na meza ya mninga iliyoachwa na marehemu mama yake. Uso wake ulikuwa mweusi kwa moshi na masizi, umejaa duara nyeupe za vikombe vya chai. Mnunuzi alikuja na fedha mkononi, akaipindua ili aitazame chini. Huko ambako moshi na mkono havikufika, mbao ilikuwa ya hudhurungi, yenye mistari ya rangi ya dhahabu, kama siku ilipotoka kwa seremala. Mnunuzi alijua anunuacho. Muuzaji ndiye hakujua auzacho. Biashara ikavunjika pale pale.

Yatupasa tujue thamani ya mbao hizo. Mninga ni mti wa miombo, na utomvu wake ni mwekundu kama damu. Mche wake hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mizizi ikijijenga chini, ndipo shina lipate nguvu ya kusimama. Baada ya hapo miongo mingi hupita kabla ya mti kufaa kupasuliwa mbao. Basi atupaye meza ya mninga atupa kitu ambacho mtoto wake hawezi kukipanda leo akakivuna kesho.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, ambayo mtu mwenye subira aweza kuifanya uani kwake.

Kwanza, ukipindue chombo na kukichunguza. Ukiona vitundu vidogo na unga laini ukidondoka, ujue wamo wadudu. Tia dawa, ukitenge mbali na vingine mpaka unga ukome. Kisha futa uchafu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kukamuliwa sana, ukikaushe mara moja kwa kitambaa kikavu, kivulini. Jua kali hupasua mbao. Mara nyingi mtu hugundua kwamba alichodhani ni uzee kilikuwa uchafu tu.

Pili, tengeneza viungo. Mguu unaocheza usipigwe misumari, kwa maana msumari hupasua ulimi wa mbao. Kitoe kiungo, paruza gundi ya zamani yote, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya ile ya kale; tia gundi ya mbao, funga kwa kamba, pitisha kijiti katika kamba na kuisokota mpaka ikaze. Iache usiku na mchana.

Tatu, yatambue madoa. Doa jeupe la kikombe cha moto kwa kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, wala mbao haikudhurika. Doa jeusi limekwisha ingia katika mbao yenyewe, na hilo ndilo lenye kazi.

Nne, piga msasa. Anza na namba 80 kuondoa vanishi ya zamani, kisha 120, umalizie na 220, ukifuata nyuzi za mbao daima. Atakayesugua kwa kukata nyuzi ataacha mikwaruzo ambayo vanishi itaionyesha badala ya kuificha. Funika pua na mdomo. Ikiwa chombo kilipakwa rangi zamani, usikisugue kikavu, kwa sababu rangi za kale huenda zina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Tano, futa vumbi lote, ukapake vanishi nyembamba mara tatu, kila mara ukiiacha ikauke na kuipitia kidogo kwa msasa laini. Ukipenda mafuta ya kitani badala ya vanishi, jihadhari na jambo moja: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe. Hupata joto vyenyewe na kuwaka moto pasipo kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au vitie majini.

Lakini si kila cha kale kistahilicho msasa. Meza nyingine ni ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao hafifu. Ukisugua kwa nguvu, umeitoboa. Na mwenye kiti cha enzi cha mpingo kilichopambwa kwa pembe au mifupa, au sanduku la kale lenye nakshi, asikiguse kwa msasa. Akifute vumbi tu, na akiharibika akipeleke kwa fundi ajuaye. Nakshi iliyosuguliwa hairudi.

Tena kazi hii si ngeni kwetu. Jina la msasa ni la mti wenye majani yaliyoparara, ambayo mafundi wa zamani walisugulia mbao mpaka zikawa laini. Na sandarusi, utomvu uliochimbwa katika ardhi ya Mrima na kuuzwa kupitia Unguja, ilisafirishwa katika karne ya 19 mpaka Salem, huko Marekani, ili itengenezwe vanishi. Mng'ao wa samani za ng'ambo ulitoka katika udongo wetu. Ingekuwa ajabu sisi wenyewe tukishindwa kuing'arisha meza moja ya nyumbani.

Haikosi mtu atasema hana nafasi. Kazi ya meza ile ya mninga ilichukua Jumamosi nne, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kungoja gundi na vanishi zikauke. Duara za vikombe zimetoweka. Limebaki doa moja jeusi pembeni, mahali ambapo mama aliweka pasi yake ya mkaa. Doa hilo msasa ungeliweza, lakini liliachwa kwa makusudi. Leo wajukuu wake huandikia masomo yao juu ya meza hiyo, na kila mgeni aulizapo habari za doa, wao ndio humsimulia.