Kuhesabiwa si kuandikishwa kodi

Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti 2022, kila mtu aliyelala katika ardhi ya Tanzania alitakiwa kuhesabiwa pale alipolala. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma kwamba tulikuwa watu 61,741,120. Mkoa wa Simiyu ulikuwa na watu 2,140,497. Sensa ya 2012, iliyofanyika mwaka ule ule mkoa huu ulipoanzishwa, ilikuwa imekuta watu 1,584,157. Katika muda wa miaka kumi, basi, wameongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu.

Hesabu za namna hii zikishasomwa redioni na kuchapwa magazetini, aghalabu husahauliwa. Lakini ofisini hazisahauliwi. Hufanyiwa kazi kwa miaka kumi mfululizo, maana mpaka sensa nyingine ifanyike, kila makadirio ya mwaka huanzia pale pale.

Tuchukue mfano wa maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilielekeza kwamba vijijini kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, na kisiwe mbali zaidi ya mita 400 kutoka nyumbani. Basi kijiji chenye watu 3,000 kinastahili vituo 12. Kama watu 500 hawakuhesabiwa, mhandisi atapanga vituo kumi, wala hatakuwa amemwonea mtu, kwa kuwa karatasi yake inasema watu 2,500. Foleni ya ndoo itakayotokea hapo wataipanga kina mama wa kijiji hicho. Katika mkoa kama Simiyu, ambako ukame si habari ngeni na ambako mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria umekuwa ukisubiriwa kwa hamu, vituo viwili vya maji si jambo dogo.

Mfano wa chanjo unanikera zaidi, kwa sababu hapo kosa hujificha. Lengo la watoto wa kuchanjwa katika kila kata hukadiriwa kutokana na sensa. Tuseme kata ina watoto wachanga 400, lakini makadirio yanasema 300. Wakichanjwa 360, taarifa itaandikwa kwamba kata imefikia asilimia 120. Wakubwa watapongezana. Kumbe watoto 40 hawajapata sindano hata moja, na hakuna atakayetumwa kuwatafuta, kwa kuwa katika karatasi hawapo. Ukiona taarifa ya afya inayopita asilimia mia, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza watu walihesabiwaje.

Sasa, ni nani hasa husahauliwa? Si mwalimu wala mwenye duka la pale sokoni Bariadi. Husahauliwa mtoto aliyezaliwa juzi, ambaye hata jina hajapewa na baba yake hamkumbuki anapotaja watu wa nyumbani. Husahauliwa kijana aliyehamisha ng'ombe kufuata maji, maana Agosti ni kiangazi, malisho ya karibu yamekwisha na mifugo iko mbali. Husahauliwa pia mtumishi wa nyumbani na bibi mzee aliyekuja kuuguzwa.

Usukumani kuna jambo jingine la kuangaliwa. Kwa Msukuma, kaya ni mji mzima: mzee, wake zake, wana waliooa na wajukuu. Kwa karani wa sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Mji mmoja wa Itilima au Meatu unaweza kuwa na kaya tatu za kisensa, na pengine mzee mmoja ndiye anayejibu kwa niaba ya wote. Sensa ya 2012 ilionyesha wastani wa watu 6.9 kwa kaya mkoani Simiyu, wakati wastani wa taifa haukufika watu watano. Mtu akitaja majina kwa kukumbuka tu, kumruka mmoja ni rahisi mno.

Halafu ipo hofu, nayo ina historia. Serikali ya Wajerumani, na ya Waingereza baada yake, zilihesabu vibanda na vichwa ili zitoze kodi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakoloni waliwabana wafugaji wa Usukuma wapunguze mifugo, na chuki iliyotokana na amri za namna hiyo ililipuka kuwa machafuko huko Geita mwaka 1958. Hata baada ya Uhuru watu walikimbizana na wakusanyaji wa kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mzee aliyeyaona hayo, au aliyesimuliwa na baba yake, karani anapomwuliza habari za mifugo, atapunguza. Simlaumu. Lakini Sheria ya Takwimu inakataza habari za mtu mmoja mmoja zilizotolewa katika sensa kufichuliwa, na karani anayezitoa nje anatenda kosa. Jambo hilo lingeelezwa na wenyeviti wa vitongoji mapema, kwa Kisukuma, badala ya kuachiwa mabango ya mjini.

Nanyi wasikilizaji wa mijini, mnaosema "kwetu ni Bariadi", mnahesabiwa mlipolala. Ukilala Mwanza, wewe ni wa Mwanza usiku ule. Kumwambia kaka akuandikishe nyumbani ili kijiji kionekane kikubwa ni kuiharibu hesabu kwa upande wa pili.

Idadi ya watu ni pia miongoni mwa mambo yanayotazamwa katika kugawa majimbo ya uchaguzi. Mei 2025 Tume ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, na mojawapo lilikuwa Bariadi Mjini, lililotokana na kugawanywa kwa jimbo la Bariadi.

Najua mtasema: tulihesabiwa, na zahanati hatujaiona. Ni kweli. Sensa haijengi zahanati; fedha ndizo zinazojenga, na fedha hugawanywa na watu wenye mapendeleo yao. Hata hivyo, matokeo ya 2022 yametolewa mpaka ngazi ya kata, na mwananchi yeyote anaweza kuyaomba. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Diwani anapokuja, mtu na asimame na karatasi mkononi, aseme: kata yetu ina watu kadhaa, vituo vya maji vilivyopo ni kadhaa, na kwa sera yenu wenyewe vilitakiwa viwe kadhaa. Kisha akae chini, asubiri jibu.