Video Moja Kati ya Sita: Hesabu ya Kuipandisha Kasi Kompyuta Kuukuu

Prosesa ya Intel Core 2 Duo E8400 iliingia sokoni Januari 2008, Kyerwa ikiwa bado ni sehemu ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Wilaya mpya ya Kyerwa ilizaliwa 2012, na prosesa za rika hilo hazijastaafu. Kompyuta ya mezani ya namna hiyo inaweza kuwa ndiyo mtaji wote wa kijana mwenye steshenari Kayanga, au wa mpiga picha anayeunga video za harusi Omurushaka au Nkwenda. Akichoka kuisubiri, humuuliza fundi swali moja: haiwezi kupandishwa kasi bila kununua nyingine?

Inaweza. Lakini swali la “hadi wapi” linajibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe haipo mahali ambapo wengi huitafuta.

Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili: mapigo ya msingi yanayotoka kwenye madabodi, na kizidishi kilichomo ndani ya prosesa. E8400 hupokea mapigo ya megahezi 333 na kuyazidisha kwa 9, ndipo tunapata megahezi 3,000. Kizidishi hakiendi juu ya 9, kwa hiyo kinachobaki ni kuongeza mapigo. Yakifika 400, kasi inakuwa 3,600. Hiyo ni asilimia 20 ya bure, angalau kwa macho. Sifa ya mchezo huu ilivuma tangu 1998, pale Celeron 300A ilipotolewa kwenye mapigo 66 na kuwekwa kwenye 100: prosesa ya megahezi 300 ikakimbia 450, nyongeza ya asilimia 50. Si kila prosesa ina akiba kubwa kiasi hicho.

Kabla ya hesabu yoyote, fungua BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya madabodi, uangalie. Kompyuta za maofisini zinazouzwa mitumba, kama Dell OptiPlex, hazina kabisa sehemu ya kubadili mapigo, na safari inaishia hapo. Mwenye Core i5 ya 2011 asome herufi ya mwisho: i5-2500K ina kizidishi kilichofunguliwa, i5-2400 haina uhuru huo. Tena katika kizazi hicho mapigo ya msingi ya megahezi 100 yamefungamana na vifaa vingine vingi vya madabodi, hivyo ukiyasogeza kwa asilimia chache tu mashine inaanza kuyumba.

Tuseme basi una E8400 kwenye madabodi inayoruhusu. Wengi huogopa LUKU kwanza. Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sawasawa na kasi, ila kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili, na kasi ya 3,600 mara nyingi hudai volti zaidi. Tukitoka volti 1.225 kwenda 1.35, volti imeongezeka kwa asilimia 10 tu, lakini kipeo chake cha pili kimeongezeka kwa asilimia 21. Zidisha 1.21 hiyo kwa 1.20 ya kasi, unapata nyongeza ya karibu asilimia 46. Prosesa iliyopangiwa wati 65 sasa inadai kama 95. Wati 30 hizo zinapitia pawasaplai ambayo, kwa umri wake, tuikadirie ufanisi wa asilimia 75. Ukutani zinakuwa 40.

Kwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, prosesa ikiwa imebanwa muda wote, wati 40 ni uniti 10.4. Mteja wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, kwa bei ya sh 292 iliyoidhinishwa 2016 pamoja na kodi na tozo, hulipa takriban sh 356 kwa uniti, yaani kama sh 3,700 kwa mwezi. Hakuna steshenari inayoibana prosesa hivyo kutwa nzima. Mtu akiandika barua, mashine inapumzika. Gharama halisi itakuwa sehemu ndogo ya hiyo. Anayepaswa kujihadhari ni mwenye mashine nyumbani kwenye daraja la D1, la watumiaji wadogo, maana uniti 10.4 ni karibu asilimia 14 ya uniti 75 alizowekewa kwa mwezi, na akizivuka bei inaruka kutoka sh 100 hadi 350 kabla ya tozo.

Kwa hiyo umeme sio unaoweka mpaka. Mpaka uko kwenye kazi inayoharibika.

Chukua kurenda video, yaani kuitoa ikiwa imekamilika, kazi ambayo karibu yote hufanywa na prosesa. Iliyokuwa ikichukua dakika 60 sasa inachukua 50. Umeokoa dakika 10. Mashine nzima ikila wati 120 mwanzo na 160 baadaye, umeme wa video hiyo umetoka wati-saa 120 hadi 133, tofauti isiyofika shilingi tano. Mashine ikizima katikati, umepoteza hadi dakika 50 na unaanza upya. Sasa hesabu video sita. Kwa kasi ya kiwandani ni dakika 360. Kwa kasi mpya ni dakika 300, na moja ikikwama karibu na mwisho unafika 350. Dakika 10 tu ndizo zimebaki katika kazi ya siku nzima. Zikikwama mbili, uko kwenye 400, nyuma ya pale ulipoanzia. Na sijahesabu bwana harusi aliyepanda pikipiki kutoka Murongo kuja kuchukua video ambayo haipo.

Ndiyo maana neno “inawaka” halinitoshi. Mashine inaweza kuwaka kwa 3,600, ikafungua dirisha vizuri, na bado ikakosea hesabu ndani ya faili bila kumwambia mtu.

Inapokwama, kosa linalorudiwa sana ni kuongeza volti papo hapo kama anayeongeza chumvi kwenye mboga asiyoionja. Tafuta kwanza ni nani aliyechoka. Shusha kizidishi hadi 6 na uache mapigo kwenye 400: prosesa sasa inakwenda 2,400, chini ya kasi yake ya kuzaliwa, haina sababu ya kulalamika. Ikiendelea kukwama, mwenye shida ni ramu au madabodi, na volti za prosesa hazitasaidia chochote. Endesha Memtest86+, programu ya kupima ramu, usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Ramu ya DDR2-800 imetengenezwa kwa mapigo 400, ndiyo sababu 400 ni kituo cha kawaida cha safari hii. Ukitaka megahezi 4,000 utahitaji mapigo kama 445, na ramu ikienda nayo bega kwa bega inalazimishwa kukimbia 890. Hapo unazibana ramu, prosesa na madabodi kwa pamoja, na kujua aliyeanguka kwanza kunakuwa kugumu.

Ramu ikifaulu, rudisha kizidishi 9 na uibane prosesa kwa programu ya Prime95 kwa saa kadhaa. Ikikosea, ongeza volti 0.025 tu, ujaribu tena. Intel waliiandikia prosesa hii kikomo cha volti 1.3625. Ukifika hapo na bado inakosea, punguza mapigo, jibu umeshapewa.

Joto nalo lina hesabu yake huku kwetu. Sehemu kubwa ya Karagwe iko juu ya mita 1,500, ambako hewa ina uzito wa karibu asilimia 86 ya ile ya pwani. Feni ileile inasukuma hewa nyepesi, inayobeba joto kidogo. Kipozeo kinachoiacha prosesa nyuzi 40 juu ya joto la chumba Dar es Salaam kinaweza kuiacha nyuzi 46 juu hapa. Lakini chumba cha Dar kikiwa na nyuzi 31, jumla yake ni 71. Cha Kayanga kikiwa na 23, jumla ni 69. Ubaridi wa milima unakaribia kuliwa wote na wepesi wa hewa yake. Faida ya nyuzi mbili haitoshi kumfanya mtu aache kupuliza vumbi jekundu la kiangazi kwenye feni na kubadili pesti iliyokauka chini ya kipozeo. Fanya hayo mawili kabla ya kugusa BIOS.

Na kuna soketi ya ukutani. Mto Kagera una kituo cha megawati 14 pale Kikagati na Murongo, mpakani na Uganda, lakini ukaribu huo si kitu: prosesa inajali volti zinazofika mwisho wa laini. Mashine ikikwama tu pale jirani anapowasha mashine ya kusaga, tazama pawasaplai na kapasita zilizovimba kabla ya kuilaumu prosesa. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Kwa wati 120, hata ikitoa zote, ni dakika 42. Kwa 160 ni 31, na betri iliyozeeka haifiki hapo.

Kwa mwenye steshenari naona jambo lingine. Hadidisiki ya mizunguko 7,200 kwa dakika hungoja wastani wa milisekunde 4.2 sahani izunguke, na kama 9 nyingine kichwa kisogee. Kwa mafaili yaliyotawanyika inatimiza maombi kama 75 kwa sekunde. SSD ya kawaida, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, hutimiza maelfu. Anayengoja faili lifunguke anaingoja diski, na megahezi 600 hazitamsaidia.

Hukumu yangu ni hii: mwenye steshenari anunue SSD na aiache prosesa kama ilivyo. Mwenye studio ya video aende hadi 3,600 ikiwa tu mashine imepita usiku mzima wa Memtest86+ na saa kadhaa za Prime95 bila kosa hata moja, kisha aandike kwenye daftari kila video inayokwama. Siku daftari likionyesha moja kati ya sita, arudishe mapigo 333.