Dalali Anamtumikia Nani?

Kamati nyingi za parokia zikitafuta kiwanja cha zahanati au shule ya awali huanza kwa dalali. Kabla ya kumkabidhi sadaka za waumini na michango ya wafadhili, tuulize kwanza: nani anamlipa?

Tujifunze kwa Marekani. Huko madalali huorodhesha nyumba zinazouzwa katika hifadhidata za pamoja. Kwa miaka mingi orodha hizo ziliwaonyesha pia malipo ya dalali wa mnunuzi, yaliyotoka kwa muuzaji. Tuseme nyumba mbili zinauzwa dola 300,000 kila moja. Ya kwanza inampa asilimia 3, yaani dola 9,000. Ya pili asilimia 2, dola 6,000. Dalali hushawishika kumpeleka mteja kwenye ya kwanza, hata kama ya pili ingemfaa zaidi. Huo ndio mgongano wa maslahi.

Baada ya kushindwa mahakamani Oktoba 2023, chama cha taifa cha madalali kilikubali Machi 2024 kulipa dola milioni 418. Tangu Agosti 17, 2024, malipo hayo hayaonyeshwi tena katika hifadhidata hizo, na mnunuzi hutia sahihi mkataba wa malipo kabla ya kutembezwa nyumba.

Kwetu mara nyingi orodha imo kichwani mwa dalali, hivyo hadhari izidi. Tunazishauri kamati: muulizeni analipwa na nani, tena kiasi gani, na jibu liandikwe. Tazameni viwanja zaidi ya kimoja. Hati nendeni kuihakiki wenyewe ofisi ya ardhi.