Mama Mwenyeji Si Mwalimu wa Kikorea

Swali limerudi tena, safari hii kwa mdomo wa mzazi. "Mwalimu, kijana wetu tumempatia familia nzuri kule Korea, atalala kwao na kula nao. Sasa ada ya darasa ya nini tena? Si atakishika Kikorea humohumo nyumbani?" Kabla yake aliniuliza binti anayejiandaa kusafiri, na kabla ya binti alikuwepo mwingine. Imani yao ni moja: mtie mtu ndani ya nyumba ya Wakorea, funga mlango, na baada ya miezi sita atatoka akiongea.

Atatoka akijua kuitwa mezani. Kuongea ni habari nyingine.

Kuna upande wa swali hili ambao maofisa wa uhamiaji wataumaliza kabla yangu. Viza ya kusomea lugha, ile ya D-4, hupewa mtu aliyesajiliwa katika chuo, na mahudhurio yake darasani huangaliwa anapoomba kuongezewa muda. Viza ya kula wali na watu haipo. Lakini hata ingekuwepo nisingemshauri mtu aiombe, na sababu ziko katika siku yenyewe anayoishi mwanafunzi.

Asubuhi kuna wali, supu, kimchi na vibakuli vya vitoweo. Mama wa nyumba anakuambia kula, anakuambia kuna baridi, anakuambia fanya haraka. Wewe unaaga kwa maneno ambayo kila mtoto wa Korea anayajua, danyeo-ogesseumnida, yaani naenda na nitarudi, unavaa viatu mlangoni, umeondoka. Darasa la chuo kwa kawaida ni saa tatu hadi saa saba mchana, kisha maktaba. Ukirudi jioni, watoto wako hagwon, yale masomo ya ziada ya kulipia, ambayo Seoul yanaruhusiwa kuendelea mpaka saa nne usiku. Baba bado yuko kazini, au ametoka kula na wakubwa wake wa kazi. Mama amechoka na televisheni inaongea peke yake. Anakuuliza kama umekula. Umekula. Mazungumzo yamekwisha.

Hiyo ndiyo "kuzama katika lugha" inayouzwa kwenye matangazo. Baada ya miezi mitatu sentensi za jikoni utakuwa umezisikia zote, na zitakazofuata ni zilezile. Tena kuna familia zinazopokea wageni ili watoto wao wapate mtu wa kuzungumza naye Kiingereza. Ukifikia nyumba ya namna hiyo, mwanafunzi wa lugha si wewe.

Tuseme basi umebahatika: mama ni msemaji, ana muda, na Kiingereza hakitaki. Hapo ndipo ubaya wa imani hii unapojitokeza, na ndipo wanafunzi wangu wanapoharibikiwa. Mama anakusemesha kwa banmal, lugha ya mkubwa kwa mdogo au ya rafiki kwa rafiki. Bap meogeosseo? Umekula? Ni maneno ya upendo yakitoka kwake kuja kwako. Yakitoka kwako kwenda kwake ni utovu wa adabu, na kwa profesa ni balaa. Chukua mgeni aliyepanga kwa bibi mmoja wa Tanga. Kila asubuhi watu wanapita uani na bibi anasema marahaba, marahaba. Mgeni anaona hiyo ndiyo salamu ya wenyeji, anaibeba hadi ofisini kwa mkuu wa wilaya na kuitoa kwa sauti: "Marahaba, mzee!" Mwanafunzi anayejifunza Kikorea kwa kumwiga mama mwenyeji hufanya hivyohivyo kutwa nzima, ila yeye anafanya katika kila kitenzi.

Maana heshima ya Kikorea haiishii kwenye salamu. Iko mwishoni mwa kila sentensi, na mara nyingine inabadilisha neno zima. Wewe unakula kwa kitenzi meokda, mzee anakula kwa deusida. Wewe unalala kwa jada, mzee analala kwa jumusida. Wali wako ni bap, wa bibi ni jinji. Kisha kuna kiambishi -si- cha kumheshimu mtendaji, ambacho Mkorea hajitilii mwenyewe hata siku moja. Pima maana yake: umbo unalolihitaji kuliko yote, la kumsemesha mama huyu kwa heshima, ndilo ambalo hutalisikia akilitumia kwako wala juu ya nafsi yake. Utakaa naye mwaka mzima ukingoja likuingie.

"Basi nitawaiga watoto wake." Usithubutu. Watoto wengi wa siku hizi huwasemesha wazazi wao kwa banmal, na hakuna anayeshtuka kwa sababu ni watoto wa kuzaa. Wewe ni mgeni mwenye miaka ishirini na mbili. Wenyeji watatabasamu, watasema Kikorea chako kizuri sana, na hawatakurekebisha. Kumrekebisha mgeni mezani hawakuoni kuwa ni kazi yao, na kwa kweli si kazi yao.

Halafu uje mtihani. TOPIK, mtihani rasmi wa Kikorea, una madaraja sita. Wanaokwenda kwa ufadhili wa serikali ya Korea, GKS, kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa lugha na hutakiwa kufikia angalau daraja la 3 kabla ya kuingia shahada. Kuanzia daraja hilo kuna sehemu ya kuandika, na swali lake la mwisho linataka insha ya herufi 600 hadi 700 kwa mtindo wa maandishi, vitenzi vikiishia na -da. Mtindo huo hausemwi na mtu yeyote anayekupitishia kimchi. Vilevile viambishi vya kuonyesha mtenda na mtendwa, ambavyo mezani humezwa na sentensi ikaeleweka bila shida, kwenye karatasi vikikosekana ni alama zinazopotea.

Mzazi akifika hapa huniletea hoja ya mtoto mchanga: mbona yeye hujifunza lugha bila darasa? Mtoto hana lugha nyingine ya kukimbilia. Hana mtihani. Anaongelewa kutwa na watu wasiochoka kumrudia, na akikosea adabu akiwa na miaka mitatu watu hucheka. Hali ya mwanao si hiyo.

Wala si mimi peke yangu ninayesema hivi. Mwaka 1983 Richard Schmidt aliandika juu ya msanii wa Kijapani aliyehamia Hawaii, akimwita Wes. Wes aliishi, akafanya kazi na kupata marafiki kwa Kiingereza, akaelewana na kila mtu, na baada ya miaka kama mitatu sarufi yake ilikuwa karibu palepale. Mwaka 1998 William Rivers alichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa Kimarekani waliokwenda Urusi. Waliokaa na familia hawakuwashinda wenzao wa bwenini katika kuongea. Walikuwa nyuma yao. Walichowazidi ni kusoma. Urusi si Korea, najua, lakini anayeamini kwamba nyumba hufundisha yenyewe ana la kujibu hapo.

Kuhusu muda, wale wanaotaka "miezi mingapi" wasikie. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukikadiria Kiswahili wiki 36 za darasa, na Kikorea wiki 88, kama saa 2,200. Hao hulipwa mshahara ili wasome. Vyuo vikuu vya Korea, Yonsei na Sogang miongoni mwao, hufundisha kwa mihula ya wiki kumi, saa 200 kila muhula, kwa kawaida ngazi sita. Ada ya muhula mmoja katika vyuo vikubwa vya Seoul hupita woni milioni 1.5. Ni pesa nyingi. Kuzikwepa kwa kumtegemea mama mwenyeji ni kulipa nauli ya ndege ukajifunze kuambiwa vaa koti.

Je, nawakataza watu kukaa na familia? Sikatazi. Familia itakuzoesha masikio kasi ya kweli, ambayo mwalimu darasani huipunguza kwa huruma. Itakufunza maneno ya kufunga na kufungua siku: jal meokgesseumnida kabla ya kula, danyeowasseumnida ukirudi. Itakuonyesha kwamba mkubwa ndiye anayeanza kula, kwamba bakuli la wali haliinuliwi kutoka mezani, kwamba kijiko ni cha wali na supu na vijiti ni vya vitoweo. Utajua pia taka za kawaida huingia kwenye mifuko ya kununua, utaratibu ulioenea nchi nzima tangu 1995, na za chakula hutengwa; na mama aliyekusamehe sarufi kwenye mfuko hatakusamehe. Haya ni mengi na yana thamani. Yanashika vizuri kwa mtu aliyekwisha kuwa na msingi wa darasani wa kuyaning'iniza.

Sasa la kufanya, na tusichelewe. Hangul, alfabeti ya Kikorea, isome kabla hujapanda ndege, ni kazi ya siku chache. Daraja la 1 la TOPIK ulifikie ukiwa nyumbani ukiweza; Taasisi ya King Sejong ina masomo kwenye intaneti. Ukiulizwa unataka familia ya aina gani, omba yenye bibi ndani: utamsikia mama akimsemesha mama mkwe wake, na hapo ndipo pa kuiga. Uliza mapema kama wanatarajia Kiingereza, na kama ndivyo pangeni saa yake, zilizobaki ziwe za Kikorea. Omba urekebishwe kosa la aina moja tu kwa wiki, vitenzi vya heshima kwanza. Kama huli nguruwe, liandike kwenye fomu ya maombi usingoje meza ya siku ya kwanza, maana hata mchuzi wa kimchi hupikwa naye mara nyingi. Familia ikiwa bubu, hamia hasuk, nyumba ya kupanga yenye chakula na wanafunzi wenzako, au bwenini. Tafuta mtu wa kubadilishana lugha. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kampasi ya Yongin, kina Wakorea wanaosoma Kiswahili, na wanakuhitaji kama unavyowahitaji. Ingia chama cha wanafunzi chochote, hata cha kupanda milima. Kazi ya muda usiipangie bajeti, kwani kibali chake kwa wenye D-4 huombwa baada ya miezi sita. Na aliyeniandikia akiuliza kama kulala na tamthilia ya Kikorea masikioni kunasaidia: utalala vibaya, na saa tatu utachelewa darasani.