Desemba kwenda Moshi na mtoto mdogo: jipangeni hivi

Wadau, Desemba ikifika Wachaga wanapanda kwao. Siti za karibu karibu utakuta bibi, baba, mama na katoto ka mwaka na nusu. Dar mpaka Moshi ni kilometa 550 na ushee, basi likitoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis alfajiri ni kutwa nzima. Mtu mzima atavumilia, mtoto je?

Kwanza kadi ya kliniki. Chanjo ya surua ni miezi 9, halafu tena miezi 18. Kama ya pili imefika, achomwe kabla ya safari, maana kwa babu wajukuu wanakutana kutoka kila mkoa.

Pili kuharisha. Bebeni ORS. Soma pakiti: nyingi zinakorogwa kwa lita 1 ya maji salama, usipunguze. Ikipita masaa 24, mwaga. Macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali, usisubiri sikukuu iishe.

Tatu, nyumba ya wazee haijazoea mtoto. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, yeye anajua ni soda! Jiko la kuni nalo liko chini. Na babu akitaka kumwonjesha mbege, aseme baba mtoto: "Samahani mzee, huyu bado." Akisema mkwe, ugomvi unaanza hapo hapo.

Sweta msisahau, mlimani usiku kuna baridi.

Haya, nyie wenzangu huwa mnamwambiaje babu?