IDJWI: CHAKULA CHA MABABU NA SAMBAZA

Ku masoko ya Goma wengi wanafikiri sambaza ni samaki wa asili wa Ziwa Kivu. Hapana. Wabelgiji walimuleta toka Tanganyika karibu mwaka 1959. Wazee wa kisiwa cha Idjwi walikomaa bila yeye.

Wao walikula mtama na ulezi. Juu ya mbegu hizo, Bahavu wa kisiwa walifanya sikukuu ya Muganuro: mbele ya watu wote kula mavuno mapya, Mwami anaonja kwanza, na koo mbalimbali kila moja na kazi yake. Siye kanisani tunaita malimbuko! Vijana, mwulize babu angali hai.

Leo watu wamejaa, mashamba yamekuwa madogo, muhogo na maharage ndio vinajaza sufuria. Nyama ni sambaza. Lakini ziwa linadanganya macho: lina kina cha mita 485, na samaki anapata hewa karibu mita 60 tu za juu. Chini ni gazi. Basi yule anayevua na chandarua kando ya maji, anabeba watoto wa sambaza mbele wazae.